Senga, niiandike upya au niiache na viraka vyake?

Barua ya msomaji

Senga salamu sana. Naomba usiweke jina langu wala la SACCO yetu, Arua ni ndogo na watu hapa wakisoma mistari miwili tu wanajua ni nani.

Nina miaka 28, mimi ndio mtu wa kompyuta kwenye SACCO moja huku West Nile. Mtu wa kompyuta maana yake nabadilisha wino wa printa, nafuatilia hela za momo (pesa za simu) zikikwama, nachapa ripoti za bodi usiku wa manane, na juu ya hayo yote nalea ile programu yetu ya akiba na mikopo. Nakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kusema kwenye safu hii kwamba kabla hujawa Senga, shangazi mshauri wa watu wote, ulikuwa unaandika programu za mishahara, kwa hiyo sitahitaji kukueleza databesi ni nini.

Programu yetu iliandikwa 2008 na mtu aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Mzee wa Kinubi, alikuwa na chumba cha kufundishia kompyuta hapa mjini, ndiye aliyenishikisha mausi mara ya kwanza nikiwa S3 (kidato cha tatu), na ada alininyamazia miezi miwili mama alipoumwa. Sasa amezeeka amerudi kwao Bombo. Aliiandika kwa lugha ya Visual Basic 6, data zote zinakaa kwenye faili moja la Access, databesi ya Microsoft, lililo kwenye kompyuta ya meneja.

Senga hiyo kodi (sio ile ya URA, hii ya kompyuta, maandishi yenyewe ya programu, ingawa zote zinaumiza kichwa) ukiifungua utalia. Fomu moja ina mistari zaidi ya elfu nne. Vitu vinaitwa a1, a2, x7, sijui x6 ilienda wapi. Kuna mahali imeandikwa kwamba kama mwanachama ni wa steji ya boda namba 6 na mwezi ni Disemba basi faini isihesabiwe, kwa nini, hakuna maelezo. Kuna namba ya mwanachama mmoja imeandikwa humo humo ndani, yeye peke yake riba yake inahesabiwa kivingine. Na karibu kila mahali ameweka ule mstari wa kuiambia kompyuta kwamba kosa likitokea endelea tu kama vile hakuna kitu.

Keshia wakiwa watatu inatambaa, wakiwa wanne inaganda. Faili limefika GB 1.7 na nimesoma kwamba Access mwisho wake ni GB 2. Mwezi wa tatu mwaka jana, siku ya soko, umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena, faili likaharibika, tukaandika kwa karatasi siku mbili, na mama mmoja anayeuza samaki wa Pakwach alilia mbele ya kaunta akidhani akiba yake imepotea. Haikupotea, bakapu ilikuwepo kwa fleshi yangu, lakini yale machozi sijayasahau.

Basi mwezi wa kumi na mbili tukapata mwenyekiti mpya, mtu aliyefanya kazi Kampala miaka mingi. Kikao cha kwanza tu akaangalia skrini ya keshia akauliza, "Hii takataka aliandika nani?" Wote wakaniangalia mimi. Sikumtaja mwalimu. Nilichosema, na mpaka leo sijui kilitoka wapi, ni kwamba nitaiandika upya yote, nipeni miezi sita. Wakapiga makofi. Wakapitisha milioni 14 za seva na laptopu.

Sasa ni mwezi wa kumi. Naandika kwa lugha ya PHP, usiku, nyumbani, data zote za wanachama nimezikopi kwenye laptopu yangu ili nipate cha kujaribia. Ukurasa wa kuingilia umependeza, na ile dashibodi yenye grafu mwenyekiti aliipiga picha akairusha kwenye grupu la bodi. Lakini nilipopitisha mikopo ya mwaka jana kwenye programu yangu nikalinganisha na ya mwalimu, akaunti 41 hazikukubaliana. Nyingi ni tofauti ya shilingi 100. Sita zinatofautiana sana, moja mpaka 50,000. Sijui nani amekosea, mimi au yeye. Bodi nimewaambia nimefika asilimia 80. Senga, nimekuwa asilimia 80 tangu mwezi wa sita.

Meneja kila siku ananiimbia usiache mbachao kwa msala upitao, tununue RAM tuendelee. Mweka hazina anataka tununue programu iliyo tayari, kuna watu walikuja na vipeperushi. Mkutano mkuu ni mwezi wa tatu na mwenyekiti ameshatangaza kwamba wanachama wataonyeshwa mfumo mpya siku hiyo.

Na nikiri jambo moja. Kuna kampuni Kampala imeniita intavyu mwezi ujao, na nilipojaza fomu yao niliandika kwamba nimejenga mfumo wa SACCO kuanzia sifuri. Kwa hiyo sijui tena kama naandika upya kwa ajili ya wanachama au kwa ajili ya hiyo fomu. Halafu mwalimu alinipigia Idi iliyopita, baada ya salamu akauliza, "Programu yangu bado inatembea?" Nikajibu inatembea mwalimu. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Niendelee, niache, au tununue? Awadifo sana.

Mwenye viraka, Arua

Senga anajibu

Binti yangu mwenye viraka,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa Senga na mara ya tatu nikiwa yule mtu wa mishahara wa zamani, na hiyo ya tatu ndiyo iliyoacha chai yangu ikapoa. Hilo neno takataka hata mimi nimelitumia. Ofisi yangu ya kwanza nilirithi programu ya mtu aliyekuwa amehama, ndani yake kukawa na mstari unaosema wafanyakazi wa kundi fulani hesabu yao ifungwe tarehe 19 wakati wengine wote ni 25. Hakuna maelezo. Nikaufuta, nikajisikia msafi kabisa. Mwisho wa mwezi simu zikaanza kulia, kumbe wale walikuwa watu wa visiwa vya Ssese, wanalipwa mkononi, na mhasibu alikuwa anawabebea bahasha zao kwenye boti siku maalum, boti ikiondoka bila bahasha basi tena mpaka safari nyingine. Ule mstari mbaya ulikuwa ni boti! Aliyeuandika hakuona haja ya kueleza kwa sababu siku zile kila mtu ofisini aliijua hiyo boti, mgeni nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nikisoma steji namba 6 na Disemba, mimi naona vijana wa boda waliokaa na meneja fulani chini ya mwembe wakakubaliana kitu. Naweza kuwa nimekosea, labda ni mwalimu tu alikuwa na usingizi siku hiyo. Lakini wewe pia hujui, na programu yako mpya imeshaamua kwamba makubaliano hayo hayapo.

Sasa nikurudishie swali lako kama nilivyolisikia. Unauliza niendelee, niache au tununue, kana kwamba una shida moja. Mimi naona faili linalojaa, naona kodi isiyosomeka, naona ahadi uliyoitoa mbele ya watu wakapiga makofi, na naona mzee wa Bombo, na vyote hivyo umevifunga kwenye kanga moja. Ukivuta kimoja vingine vinakuja. Mwenyekiti akitukana skrini wewe unasikia ametukanwa mwalimu, na badala ya kumtetea au kukubali kwamba skrini kweli ni mbaya ukatoa ahadi ya miezi sita. Sikulaumu, banange nani angefanya vingine wote wakimwangalia yeye. Ila tufungue hiyo kanga polepole.

Tuanze na faili kwa sababu hilo halina machozi mengi. Siku ile ya mama wa samaki, ni kodi ya mwalimu iliyokosea au ni umeme? Faili la Access linaloandikwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao wa ofisi, umeme ukikatika katikati ya kuandika linaweza kuharibika hata kama kodi imeandikwa na malaika. Kompyuta ya meneja ina UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika? Keshia wanatumia waya au waifai? Na lini mara ya mwisho umeendesha ile kazi ya Access ya kubana na kukarabati faili, maana rekodi zikifutwa nafasi yake haipungui mpaka faili libanwe, inawezekana hiyo GB 1.7 yako ina hewa nyingi ndani. Ukomo wa GB 2 ni wa kweli, hapo meneja wako hata akinunua RAM za dunia nzima hausogei.

Kuna njia hukuitaja nayo ni ya katikati, kuyahamisha majedwali ya data tu kwenda kwenye seva ya databesi kama MySQL au SQL Server Express, hiyo Express ni ya bure na inabeba angalau GB 10 kwa databesi moja, halafu skrini za mwalimu zikaendelea kusoma kutoka huko. Keshia wanabaki na vitufe vyao walivyozoea. Lakini nayo ina mwiba wake. Access ina maneno yake ambayo seva nyingine haziyaelewi, kwa hiyo kuna maswali ya databesi yatakayogoma au kuwa mazito. Na wewe una ule mstari wa kosa likitokea endelea tu. Fikiria keshia anapokea 200,000, seva inakataa kuihifadhi, programu inanyamaza, risiti inatoka, mama anaenda nyumbani na risiti ya pesa ambayo haipo popote. Mistari mingine nakuomba uivumilie kidogo, ila huu mimi ungenikosesha usingizi, iwe unaandika upya au hauandiki. Hata kuufanya tu uandike kosa kwenye faili la pembeni kabla ya kuendelea ni kitu, na hiyo ni kazi ya siku chache haihitaji kikao cha bodi.

Haya, akaunti 41. Hapa nilikaa kwa raha zangu wallahi maana hapa ndipo barua yako ilipo.

Shilingi 100 zako nadhani najua zinakotoka. Round, amri ya kukadiria namba, ya Visual Basic 6 ikikuta nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 2.5 inakuwa 2 na 3.5 inakuwa 4. Round ya PHP usipoiambia vingine hupandisha nusu siku zote. Sasa chukua mtu ana deni la 612,500 riba asilimia 2 kwa mwezi, ni 12,250. Kama mwalimu alikuwa anakadiria kwenye mia iliyo karibu, na ni haki yake maana hizo sarafu ndogo ndogo nani anazo tena, kwake inakuwa 12,200 na kwako 12,300. Hakuna aliyekosea hesabu, mmefuata desturi mbili. Na kuna utamu zaidi, Format, amri ya kupanga namba kwa kuchapa, ya Visual Basic hiyo hiyo yenyewe hupandisha nusu, kwa hiyo kama risiti zinachapwa kwa Format basi karatasi aliyonayo mwanachama inakubaliana na wewe wakati kitabu cha SACCO kinakubaliana na mwalimu. Ukitaka, PHP unaweza kuiambia ifuate desturi ya mwalimu, ni neno moja tu la kuongeza. Kama utake au usitake, hilo sio swali la PHP, ni la mkataba wa mkopo ulisainiwa ukisema nini.

Zile sita ni habari nyingine. Elfu hamsini haitokani na kukadiria. Inaweza kuwa boti, yaani makubaliano, mtu alifiwa akasamehewa, mtu alikuwa mdhamini akalipa la mwenzake. Inaweza kuwa wewe umesahau kitu. Inaweza pia kuwa mwalimu alikosea kweli na kuna mtu ametozwa zaidi miaka yote hii, na hapo mwanangu usije ukalirekebisha usiku nyumbani peke yako ukanyamaza, hilo ni la meneja na bodi. Mafaili ya karatasi ya hao sita yapo kabatini? Mimi ningeanza na karatasi kabla ya kodi.

Kuhusu kuendelea. Watu wa fani hii wakitaka kukutisha usiandike upya wanakutajia kampuni ya Netscape. Mwaka 1998 walifungua kodi ya kivinjari chao cha intaneti kwa ulimwengu, wakaishia kuandika upya karibu kila kitu, toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka mwishoni mwa 2000, na muda wote huo Internet Explorer ya Microsoft inawala soko. Wengi hadithi wanaikatia hapo. Lakini kazi ile ile ndiyo ilikuja kuzaa Firefox, toleo la 1.0 mwezi wa kumi na moja 2004. Mtoto alizaliwa mzima, ila nyumba iliyombeba mimba ilikuwa imeshauzwa kwa AOL. Kwa hiyo siwezi kukuambia kuandika upya ni dhambi, nakuuliza tu SACCO yako ina pumzi ya muda gani, na katika hii miezi kumi ya usiku wako mama wa samaki amepata kitu gani kipya kaunta?

Hiyo asilimia 80 usiione kama uongo sana. Skrini huwa zinakwenda haraka, ndizo zinazopigwa picha. Kinachobaki ni malipo yaliyorudishwa, mwanachama aliyefariki, mkopo uliopangwa upya mara mbili, kufunga mwezi, na kila kimoja kinakula wiki na hakionekani kwenye grafu. Lakini bodi wanaposikia 80 wanaelewa imebaki moja kati ya tano. Ungewaambia tu kwamba akaunti 41 hazikubaliani wangeelewa, hawa ni watu wa pesa, hiyo ni lugha yao kuliko asilimia.

Na ile tarehe ya mwezi wa tatu inanipa wasiwasi kuliko kodi. Aprili 2018 benki ya TSB kule Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja, Jumatatu ikafika na watu mpaka milioni 1.9 hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, wengine wiki kadhaa, na Disemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Wale walikuwa na jeshi la wahandisi, wewe una fleshi. Mwenyekiti alitangaza wanachama wataonyeshwa mfumo, hivyo ndivyo ulivyoandika, wataonyeshwa. Kuonyesha na kuhamia ni mambo mawili, sijui kama yeye mwenyewe ametofautisha, labda hakuna aliyemuuliza. Labda akilini mwake anachotaka ni mwanachama kupata salio lake kwa SMS tu.

Kuna njia ya kubadilisha kipande kimoja kimoja. Kwetu Masaka bibi yangu alikuwa na miti ya mutuba nyuma ya nyumba, ile inayotoa nguo ya magome, hiyo kazi UNESCO waliitambua 2005. Fundi anabandua gome lote mti ukabaki mwekundu kama jeraha, halafu anaufunga kwa majani ya mgomba, gome linaota tena, mwakani anarudi. Watu wa programu wenyewe njia hii wameipa jina la mti mwingine, ule wa porini unaoota juu ya mwenzake mpaka wa ndani unafia humo humo, jina la kutisha, mimi na mutuba yangu. Kwako ingekuwa kwa mfano ripoti za bodi kwanza, maana ripoti zinasoma tu haziandiki kitu, zikikosea hakuna pesa ya mtu imeguswa. Halafu SMS za salio. Mikopo yenyewe mwisho kabisa, ukiwa umeshajua zile sita ni nini. Ubaya wake ni kwamba nusu nusu inachosha, miaka miwili unalea programu mbili badala ya moja, na ukipata kazi Kampala katikati, anayekuja nyuma yako anarithi viraka vya mwalimu na viraka vyako. Na ukiamua kumaliza yako yote kisha mzitembeze pamoja miezi miwili mitatu mkilinganisha kila mwisho wa mwezi, hiyo inatuliza roho sana ila keshia wanaingiza kila kitu mara mbili, na foleni ya Ijumaa unaijua, wiki ya pili wataanza kuruka. Waulize wao kabla ya kuwapangia.

Kununua sitakaa sana. Wauzaji wengine watakuwa wameshajenga ripoti zinazotakiwa na wasimamizi chini ya ile sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini data zenu lazima zihamishwe, na zile 41 zitahama nazo, ila sasa anayezitazama hamjui mwalimu wala steji namba 6. Waulize wenye vipeperushi ada ya mwaka ni ngapi na mkiachana data zenu mnaondoka nazo vipi. Na kuiacha kama ilivyo, mbachao wa meneja, ni kweli bado inatembea, Microsoft waliacha kusapoti kifaa cha kuandikia Visual Basic 6 Aprili 2008, mwaka huo huo mwalimu alipoandika, na bado programu zake zinafunguka kwenye Windows za leo. Ila mbachao wenyewe unajaa kuelekea GB 2, na baada yako nani Arua atakayekubali kujifunza kuushona?

Kitu kimoja nakisema bila kuzunguka. Data za wanachama kwenye laptopu yako nyumbani. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na hata isingekuwepo, laptopu huibiwa kwenye basi kila siku. Majina na namba za simu unaweza kuzibadilisha na hesabu zikabaki zile zile. Na meneja ajue.

Kuhusu fomu ya Kampala, hujaniomba ruhusa na mimi sikupi hukumu. Kutaka kazi nzuri sio kosa, wengi tumejifunza kazi zetu kwenye migongo ya ofisi ndogo. Najiuliza tu, ukikaa mbele ya hao watu wakakuuliza swali la pili, utapenda kusimulia ipi, ile ya kuanzia sifuri au ile ya nusu iliyokwenda kwenye namba shufwa? Mimi niliwahi kukaa upande wa wauliza maswali.

Mwalimu sasa. Umembeba kama siri na sina hakika kama yeye anahitaji kufichwa. Mtu aliyeandika programu 2008 kwa pesa ya SACCO changa anajua x7 ni nini, na huenda anajua pia kwamba x7 ni aibu. Aliuliza bado inatembea, hakuuliza bado ni nzuri. Inawezekana ataumia ukimwambia, wazee wanaumia, mimi mwenyewe naumia. Inawezekana pia atacheka akuambie yule mwanachama mwenye riba yake peke yake alikuwa nani.

Basi la Arua likija Kampala linapita Bombo, hulazimiki kufunga safari nyingine, ondoka siku moja kabla ya hiyo intavyu. Luweero watakuuzia nanasi dirishani, chukua mbili za nyumbani kwake. Na zile akaunti zichape kwenye karatasi kabla hujapanda basi, kwa herufi kubwa, usimpe simu mzee asome kwenye kioo. Kisha niandikie, zile sita nazitaka.

Senga wako